Amplifaya za Chupa: Kasoro Iliyogeuka Utamu

Katika nyumba ya marehemu kaka yangu hapa Kibokoni, Mji wa Kale, mna sanduku ambalo kwa zaidi ya miaka kumi na mitano wageni wamelidhani kuwa ni meza. Limefunikwa leso, na juu ya leso hukaa sinia ya kahawa. Anayejaribu kulisogeza hujuta, kwani uzito wake unapita kilo 30, na katika vishikio vyake vitatu vya juu kimoja kimekwisha kukatika.

Si meza hilo. Ni amplifaya ya gitaa, Vox AC30, kazi ya Uingereza ya miaka ya 1960. Kaka aliinunua mwaka 1981 kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, akaipigia gitaa katika hoteli za pwani ya kaskazini, hata hoteli zikaanza kupenda mtu mmoja na kinanda chake kuliko bendi ya watu sita wanaotaka kulishwa. Kaka alifariki mwaka 2009. Tangu siku hiyo sanduku halijasema.

Mwaka jana mwanawe alinijia jioni baada ya sala ya magharibi, akaketi, akanyamaza kama anyamazavyo kijana mwenye jambo.

"Ami," akasema mwisho, "kuna mtu wa Nairobi ameiona picha ya amplifaya ya baba. Ataka kuinunua."

Bei aliyoitaja ilikuwa bei ya pikipiki mpya. Nikamuuliza yeye mwenyewe ataka nini. Akasema ikiwa haiuzwi, basi ataka kuitoboa bamba lake aweke volyumu ya pili, azing'oe spika za zamani atie mpya, ipige kama zipigavyo za vijana wa leo. Nikamwambia, mwanangu, nipe mwezi mmoja niulize kwa wajuao.

Mimi si mpigaji gitaa. Nilisoma chuoni, na mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa akituchapa kwa kuitoa herufi mahali pasipo pake. Vyombo vya nyuzi hakuwa na haja navyo kabisa. Lakini fimbo ile ilinipa sikio. Sauti ya sanduku la kaka naijua mpaka leo, na nilitaka kujua inatoka wapi kabla mtu hajaitoboa.

Watu wa rika langu watazikumbuka redio kubwa za mbao zilizokaa sebuleni. Ukizifungua hazikusema papo hapo. Kwanza liliwaka jicho la kijani, kisha ukaja mvumo, kisha, kama mtu anayeamka usingizini, ikatoka sauti ya msomaji wa Cairo au ya Umm Kulthum. Babu alitukataza kuizungushazungusha. "Yapata moto," alikuwa akisema. Kilichokuwa kikipata moto ni valvu, zile chupa ndogo za kioo zilizo mfano wa taa. Redio nyingi za Ulaya za miaka ile zilitumia, katika hatua ya mwisho ya kuikuza sauti, valvu iitwayo EL84. Ndani ya Vox AC30 mna EL84 nne. Kwa hivyo gitaa la kaka na redio ya babu ni watu wa ukoo mmoja, ingawa babu angalikasirika kuambiwa hivyo.

Kazi ya valvu si fumbo. Ndani ya chupa hewa yote imenyonywa. Katikati mna kijibomba cha chuma kinachopashwa moto, nacho kikipata moto hurusha chembe za umeme. Pembezoni mna bamba lenye volti mamia, linalozivuta chembe hizo kwa nguvu. Baina ya viwili hivi pana wavu mwembamba, na huo wavu ndio bawabu. Umeme hafifu utokao kwenye gitaa hupelekwa kwenye wavu. Ukiregea, chembe humiminika, ukikaza, huzuilika. Bawabu akiinua kidole tu, umati mzima uani husogea. Mwingereza John Ambrose Fleming ndiye aliyetengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904, nayo haikuwa na wavu. Mmarekani Lee de Forest akautia wavu mwaka 1906, na kutoka hapo zikapatikana redio, sinema za sauti, na simu za masafa.

Sasa, wahandisi walioziunda amplifaya za mwanzo walitaka kitu kimoja: kilichoingia ndicho kitoke, kikubwa zaidi lakini kilekile. Ila valvu ina mpaka. Ukiizidishia mzigo hufika mahali haiwezi kupanda tena, na vilele vya wimbi la sauti hubonyezwa. Haikati kwa kisu. Hubonyeza polepole, na jinsi unavyozidi kupiga ndivyo inavyozidi kubonyeza. Katika kubonyezwa huko huzaliwa sauti ambazo mpigaji hakuzipiga. Uzi wa gitaa utetemekao mara 110 kwa sekunde ukipita humo hutoka umezidishiwa jamaa zake wa 220, 330, 440 na kuendelea. Uzi wenyewe huwa nao tangu hapo, lakini kwa haya. Valvu iliyolemewa huwatoa nje hadharani. Mhandisi akipima kwa vyombo vyake anaandika: kasoro. Msikilizaji anasema: rudia.

Nilipoanza kuulizia habari hii nilistaajabu kuona jinsi utamu huo ulivyopatikana kwa ajali mtupu. Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilikwenda kurekodi Memphis, Marekani, kwa Sam Phillips, na amplifaya ya gitaa ikawa imeharibika njiani. Hapakuwa na nyingine. Phillips akaijaza karatasi, wakapiga hivyo hivyo, na wimbo wao "Rocket 88" ukavuma pamoja na mkoromo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Nashville, Grady Martin alikuwa akipiga gitaa la besi katika wimbo wa Marty Robbins, na njia moja ya mtambo wa kurekodia ikaharibika, besi ikatoka inanguruma kama pikipiki yenye bomba lililotoboka. Waliiacha. Fundi mitambo wa siku ile, Glenn Snoddy, akaketi kuitafuta kasoro ile kwa makusudi, akaipata, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaiuza ndani ya kisanduku kidogo cha kukanyagwa kwa mguu, Maestro Fuzz-Tone. Miaka mitatu baadaye Rolling Stones walikitumia katika "Satisfaction", na dunia nzima ikakisikia.

Na huko London kijana Dave Davies wa bendi ya Kinks hakuingojea ajali. Alichukua wembe akaichana karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo, na ngurumo hiyo ndiyo iliyomo katika "You Really Got Me" ya mwaka 1964. Nilipomsimulia shemeji yangu habari hii alisema lau marehemu angaliishika spika kwa wembe, yeye naye angalijua pa kuupeleka wembe huo.

Walioziunda amplifaya hizi hawakuwa mabwana wakubwa. Leo Fender alikuwa fundi redio; alifungua duka lake la kutengenezea redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na magitaa yakaja baadaye. Jim Marshall alikuwa mpigaji na mwalimu wa ngoma, mwenye duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London. Vijana wapiga gitaa walimlalamikia kwamba amplifaya za Marekani ni ghali mno. Mwaka 1962 yeye na mafundi wawili, Ken Bran na Dudley Craven, wakaifungua Fender Bassman, wakaifuata hatua kwa hatua. Lakini vifaa vya Kimarekani havikupatikana kwa urahisi, basi wakaweka vya kwao: transfoma za Kiingereza, baadaye valvu za KT66 za Kiingereza, na badala ya spika nne za inchi 10 katika sanduku lililo wazi nyuma, spika nne za Celestion za inchi 12 katika sanduku lililofungwa. Walikusudia kuiga, wakatoka na sauti ambayo Fender hakuwa nayo. Ndiyo JTM45, mama wa Marshall zote.

Hii yetu, Vox, ilitoka Dartford, katika jimbo la Kent, kwa Tom Jennings na fundi wake Dick Denney. Kwanza walikuwa na AC15, ya wati 15. Bendi ya Shadows ikaipenda, lakini kelele za mashabiki kumbini zikawa zinaimeza. Ndipo Denney alipoiongeza maradufu ikawa AC30. Beatles walizitumia, na Brian May wa bendi ya Queen akazipanga ukuta mzima nyuma yake. Hapa na sisi watu wa mwambao tuna la kusema, kwa kuwa mwimbaji aliyesimama mbele ya ukuta huo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946.

Kisha ikaja transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani. Ni ndogo, haitaki moto, haivunjiki, na kwa redio na simu hakuna aliyelia. Viwanda vya valvu vya Uingereza na Marekani vikafungwa kimoja baada ya kingine. Wapigaji gitaa peke yao, pamoja na wapenda santuri wachache, ndio waliokataa kuhama. Leo valvu nyingi mpya za gitaa hutoka Saratov nchini Urusi, Slovakia na China, na Machi 2022, muda mfupi baada ya vita vya Ukraine kuanza, mzigo wa Urusi ulisimama kwa muda na bei zikaruka. Hebu fikiri: kifaa ambacho majeshi na mashirika ya simu yalikiacha zamani, sasa kinapanda bei kwa ajili ya watu wanaotaka gitaa likwaruze vizuri.

Biashara nayo haikulala. Ziko amplifaya mpya zenye sura ya kale, ngozi ya bandia na vifundo vya zamani, na ndani mna transista tupu. Ziko nyingine zilizofungwa kwa mkono waya kwa waya kama za 1962, kazi safi, bei ya kutisha. Na yako magitaa yanayokwaruzwa rangi kiwandani ili yaonekane yamezeeka, na mnunuzi hulipa zaidi kwa mikwaruzo ambayo si yake. Hilo mimi limenishinda.

Tuliibeba amplifaya ya kaka watu wawili, tukaipeleka kwa mzee mmoja ambaye amekuwa akitengeneza redio tangu mimi nikiwa mtoto. Duka lake ni upana wa mlango. Aliipokea kwa kuinusa. Nilidhani mzaha, kumbe transfoma iliyoungua ina harufu yake isiyokwisha hata baada ya miaka. Akasema, "Alhamdulillahi, haijaungua."

Swali lake la kwanza ni hili, na msomaji ambaye ana kijana mwenye kununua vitu hivi na alishike: chombo kimetoka wapi? Cha Uingereza kiliundwa kwa umeme kama huu wetu wa volti 240. Cha Marekani kiliundwa kwa volti 120 au chini yake, na ukikichomeka ukutani hapa bila transfoma ya kupunguza umeme, utakiona moshi wake kabla hujakisikia. Kaka alikuwa na rafiki aliyetumiwa amplifaya kutoka Marekani na jamaa yake. Ilidumu dakika moja.

Mzee akageuza sanduku, akautazama waya wa umeme, akaacha kutabasamu. Mtu fulani zamani, ili kuuondoa mvumo, alikuwa ameukata waya wa tatu, ule wa kupeleka umeme ardhini. Akamwonyesha kijana.

"Baba yako alipiga hivi miaka mingapi?"

"Sijui, mzee."

"Mungu alimhifadhi."

Waya huo ukikatwa na hitilafu ikatokea, mwili wote wa chuma wa amplifaya hushika umeme, na nyuzi za gitaa pamoja nao. Mpigaji hatajua, mpaka atakapoigusa maikrofoni iliyounganishwa ardhini. Kasoro ya namna hii, chombo kisichofika ardhini, ndiyo iliyomuua Les Harvey, Mskoti mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, mwaka 1972 huko Swansea, Wales. Aliigusa maikrofoni jukwaani mbele ya watu, huku ameshika gitaa. Nilimwona mpwa, la, mwana wa kaka yangu (hata hesabu ya ukoo ilinipotea) akiutazama waya ule mfupi kama mtu aliyeonyeshwa nyoka chini ya kitanda chake.

Basi kazi ikaanza, na ilichukua majuma sita. Kabla ya kugusa chochote mzee alichukua rezista yenye waya na kibanio, akazimaliza nguvu kapasita kubwa, mkono wa kushoto akiwa ameuweka mgongoni. Kapasita hizo huweka umeme zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na umeme upitao kutoka mkono hadi mkono hupita kifuani. Anayetaka kuchezea vyombo hivi na asijue hilo, na aende akacheze bao.

Kapasita za umeme mkuu zilikuwa zimekauka. Hizo alizibadilisha bila kuuliza mtu. Waya wa ardhi ukarudi mahali pake. Kutu ya hewa yetu ya chumvi ilikuwa imekula soketi za valvu, akazisugua moja moja. Kati ya EL84 nne mbili zilikuwa zimekufa, tukaagiza nne mpya za Slovakia zilizopimwa zikalingana. Spika zilikuwa zilezile za Celestion zenye sumaku ya buluu. Karatasi ya moja ilikuwa na mpasuko, kazi ya panya na si ya wembe, naye akaibandika karatasi nyembamba kwa gundi, akaiacha siku mbili ikauke.

Kisha akafanya jambo lililonifurahisha kuliko yote. Hakuichomeka ukutani moja kwa moja. Aliunga taa ya zamani ya waya, ya wati 100, katika njia ya umeme kabla ya amplifaya. Taa ikiwaka sana na kubaki hivyo, ndani mna waya zilizogusana. Ikiwaka kisha ikafifia, mambo ni salama. Tukaikodolea macho sote watatu kama watu wanaotazama mwezi wa Ramadhani. Iliwaka, ikafifia.

Likabaki lile la kutoboa. Kijana alishikilia: amplifaya hii haitoi mkwaruzo mpaka ipandishwe sana, na ikipandishwa sana Mji wa Kale wote huamka, maana nyumba zetu ukinyoosha mkono dirishani wamgusa jirani. Maneno yake yalikuwa na haki. Volyumu ya pili ingemwezesha kuzilemea valvu za mwanzo na kuizuia sauti mwishoni. Mzee hakumkatalia. Alimwambia tu kwamba tundu kwenye bamba la chuma halizibiki, na utamu mwingi wa chombo hiki uko kwenye zile EL84 za mwisho, ambazo volyumu hiyo ingeziacha zimelala.

"Weka kitu nje," akamwambia. "Kilicho nje hutolewa."

Kitu hicho ni pedali. Mwangwi, mtetemo, mkwaruzo, vyote hupatikana katika visanduku vya kukanyaga, na vingi ni nakala za vile vya kale: Fuzz Face iliyotoka Uingereza mwaka 1966, au Tube Screamer ya Wajapani ya miaka ya 1970 kumalizika. Brian May mwenyewe huisukuma Vox yake kwa kisanduku kidogo cha kuongeza ukali wa sauti za juu, kikaa baina ya gitaa na amplifaya. Mzee alikiunda cha namna hiyo kwa transista moja ya zamani, rezista chache na mkebe wa sigara. Kilinunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Siku ya kuirudisha nyumbani tuliiweka pale pale pembeni, ila safari hii bila leso. Kijana akaunganisha spika kwanza, kama alivyousiwa, kwani valvu zikiwashwa na kupigwa bila spika huiunguza transfoma ya kutolea sauti. Akawasha. Tukangoja, kama redio ya babu. Katika giza la nyuma ya sanduku zile chupa nne zikapata wekundu, na kwenye kioo mkawa na ubuluu hafifu, ambao mzee alikuwa ametuambia kwamba hauna neno.

Akapiga uzi mmoja, wa chini. Sitaieleza sauti ile. Nilisikia mlango wa hoteli, bahari, na kaka akikohoa kabla ya kuanza. Kijana naye akasahau majirani, akapandisha volyumu, akakanyaga ule mkebe wa sigara.

Shemeji alitoka jikoni na upawa mkononi. Alisimama mlangoni kitambo, hakumtazama mwanawe, alilitazama sanduku.

"Mwambie apunguze," akaniambia. "Kila siku namwambia apunguze."

Simu ya yule mtu wa Nairobi ililia mara mbili jioni ile juu ya sinia ya kahawa, na hakuna aliyeinuka kuishika.